"Kitabu ni kizuri sana na kina mafunzo mengi": jamani, sentensi hii tuizike

MwanaDaka (Langoni, Lamu)

Assalaam alaykum wanabaraza.

Nina malalamiko, na nayaleta hapa kwa sababu nikiyasema nyumbani naambiwa "umeanza tena". Kila Jumamosi baada ya Alasiri tunakaa na vijana kwenye daka (ukumbi wa mlangoni) la nyumba ya marehemu bibi yangu, tunasoma. Hatuna jina wala mwenyekiti, ada ni kuja na kikombe chako. Mwezi uliopita nilimwomba kila mmoja achague maandishi yoyote aliyoyasoma, iwe hadithi fupi, utendi, makala ya gazeti, hata kijitabu cha zahanati, kisha aandike ukurasa mmoja wa kuyatathmini.

Nikapata karatasi 14. Kati ya hizo, 11 zilianza kwa maneno haya au ndugu zake: "Kitabu hiki ni kizuri sana na kina mafunzo mengi kwa jamii." Mmoja alikuwa anazungumzia karatasi ya maelekezo ya kutia dawa kisimani. Ukurasa mmoja, una picha ya ndoo. Kitabu kizuri sana.

Baada ya sentensi hiyo kila mtu akanisimulia alichosoma tangu mwanzo hadi mwisho, kama nilikuwa sijakisoma, halafu akafunga kwa "kwa hivyo nawashauri wote wakisome". Huo ni muhtasari uliovishwa kanzu ya tathmini. Muhtasari unaniambia maandishi yanasema nini. Tathmini inaniambia yamelisema vizuri au vibaya, kwa kipimo gani, na wapi ndani yake nikatazame nione mwenyewe.

Juzi nilipita ufukweni nikamkuta fundi anaizunguka mashua iliyopandishwa kukalafatiwa, yaani kuzibwa nyufa. Mwenyewe akamuuliza, "Waionaje?" Fundi hakusema nzuri, hakusema mbaya. Aliuliza, "Utapakia nini?" Akaambiwa boriti na mawe. Akaugonga ubao mmoja karibu na mkuku, akatega sikio, akagonga wa pili, kisha akasema: "Ubavu huu umechoka. Kwa mawe haifiki mwezi. Kwa kupeleka wageni Manda na kurudi, itakutosha mwaka."

Nilitaka kumkumbatia. Kazi ya chombo ameiuliza kwanza, hukumu ameitoa, na ubao ameugonga mbele ya macho yetu. Kwa nini mtoto aliyekulia hatua 50 kutoka pale hawezi kuifanyia hadithi ya kurasa sita vivyo hivyo?

Nawaomba maoni. Nyinyi mnaandikaje? Na walimu mliomo humu, mnawafundishaje?

---

Kila_Mtu_na_Lake

Mbona mnajisumbua. Kila mtu na ladha yake. Mimi nikisema kitabu ni kizuri, ni kizuri kwangu. Nani atanipinga?

---

TuiZito (Malindi)

@Kila_Mtu_na_Lake ladha ni wewe kusema hupendi samaki wa kupaka. Hilo hatukupingi, hata tunafurahi, atabaki mwingi. Lakini tui likikatika limekatika, hata kwa asiyekula samaki. Unaona mafuta yamejitenga na maji juu ya sufuria, unajua moto ulizidi au mpishi aliacha kukoroga. Hayo yanaonekana, na mtu akibisha unamwita aje atazame sufuriani.

---

Kila_Mtu_na_Lake

Sasa nina njaa.

---

Daftari_la_Nne

Shikamoo dada MwanaDaka. Mimi ni mmoja wa wale 11, naomba nisijitaje zaidi ya hapo 😅

Swali langu ni la kweli. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne. Mwandishi ni mtu mzima, ameandika, kitabu kimechapishwa, na wengine wamekisoma na kukisifu. Mimi ni nani niseme hapa ameshindwa? Nikisema "kizuri" angalau sijamvunjia mtu heshima.

---

MwanaDaka

Marahaba mwanangu. Na asante kwa kujitokeza, nilikujua kwa mwandiko hata kabla ya leo.

Heshima kwa mwandishi ni kumsoma kwa makini. Anayesema "kizuri" bila kufungua ukurasa wa pili hajamheshimu, amempita barabarani bila kumwamkia. Na hujaambiwa umhukumu mwandishi, umeambiwa uyahukumu maandishi. Yeye ni mtu, ana mambo yake. Lililo mbele yako ni karatasi.

Halafu nikwambie siri. Tathmini haianzi ukishika kalamu kuandika, inaanza wakati unasoma. Soma na penseli. Pale ulipocheka, weka alama. Pale ulipojikuta unasoma mstari uleule mara tatu huku unawaza chakula, weka alama nyingine. Pale ulipomkasirikia mhusika, weka. Ukimaliza rudi kwenye zile alama ujiulize: hapa mwandishi alifanya nini hata nikageuka moyo? Jibu la swali hilo ndilo sentensi yako ya kwanza. "Sikuipenda" si dhambi, ni pa kuanzia. Tatizo ni kufika hapo ukashuka.

---

KalamuNyekundu (Malindi)

Nachangia kama mtu ambaye kila mwaka hupitia rundo la insha za fasihi hadi macho yanakuwa mekundu kuliko kalamu.

Chanzo kimoja ni kwamba wanafunzi hawasomi kitenzi cha swali. Wanaona jina la mhusika tu, wanaanza kumwaga. Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi, haiulizi kitu kimoja kila mara. "Eleza" inataka uniambie. "Thibitisha" imekupa dai tayari, kazi yako ni kuleta ushahidi kutoka kwenye matini, hujaulizwa kama unakubali. "Jadili" inakufungulia mlango wa pande mbili. "Tathmini" inataka upime: kwa kiasi gani, na kwa nini kiasi hicho na si zaidi. Mwanafunzi anayejibu "tathmini" kama "eleza" anaweza kuandika kurasa nne zilizo sahihi zote asipate alama alizotarajia, kisha anadhani ameonewa.

La pili, na hili linaniudhi zaidi: kuchanganya nani anasema. Mhusika mlevi anasema elimu haina maana, mwanafunzi ananiandikia "mwandishi anadharau elimu". Katika shairi nako kuna nafsineni, yaani anayesikika akisema ndani ya shairi, ambaye si lazima awe mshairi mwenyewe. Kabla ya kumsifu au kumlaumu mwandishi kwa neno, hakikisha limetoka kinywani mwake. Vinginevyo ni kama kumpiga faini utingo kwa kosa la dereva.

---

MzeeMkomani

Nimesoma yenu yote. Wajukuu wamenikuzia herufi za simu, sasa hamna pa kujificha.

Sisi zamani neno hilo tathmini hatukuwa nalo, lakini kazi yenyewe ilikuwapo. Kwetu chuo ni kitabu, na utendi ulikuwa wa kusikilizwa kabla ya kuwa wa kusomwa. Mtu akisoma baina ya watu, masikio ndiyo yaliyotahini. Ubeti wa utendi wa kawaida una vipande vinne, kila kipande mizani 8, yaani silabi 8. Vitatu vinafanana kina, cha nne kinabeba kina kinachotembea kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Ikiingia mizani ya tisa, baraza nzima ilisikia, kama mtu aliyejikwaa kwenye ngazi gizani. Hapo wazee walisema "hapa pamezidi", na aliyeandika alijua ni wapi. Hakuna aliyesema "utendi mbaya".

Lakini tahadhari. Mtu akiichukua mizani 8 akaenda kupimia shairi la Al-Inkishafi, atasema kila kipande kimezidi. Kumbe bahari yake, yaani aina yake ya shairi, ni nyingine, kipande kina mizani 10. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir hakukosea hesabu, wewe ndiye uliyekuja na pishi ya mchele kupima nguo. Kwa hivyo kipimo kwanza, hukumu baadaye. Fundi wa dada yetu aliuliza "utapakia nini" kwa sababu hiyo hiyo.

Na kwa kuwa nimelitaja shairi lile, nitasema ninalolipendea, mniambie kama ni tathmini au ni uzee. Wengi wameandika kwamba dunia hupita. Hilo kila mtu analijua, hata mbuzi analijua siku ya Idi. Yeye anakupeleka Pate, kwenye majumba ya matajiri waliokwisha, anakuonyesha vile vidaka vya ukutani vilivyopangwa sahani za kaure, sasa makinda ya ndege wamelala humo. Hakwambii uhuzunike. Anakuwekea kinda pale palipokuwa na sahani, na ukutani kwako nyumbani una kidaka kama kile, utakitazama tena usiku.

(Dada, jina lako nimelipenda. Madaka ya shairi ni ya ukutani, lako ni la mlangoni, lakini yote ni ya kuwekwa vitu vya thamani.)

---

MwanaDaka

Ami, nimekaa kimya dakika tano baada ya kusoma. Ni tathmini. Jaribu kuitoa sentensi yako kuhusu kinda na sahani uibandike kwenye kitabu kingine. Haibandiki. "Kina mafunzo mengi" inabandika popote, kuanzia Kurani Tukufu hadi karatasi ya dawa ya kisima, ndiyo maana haisemi chochote.

Vijana, huo ndio mtihani wangu wa nyumbani. Andika sentensi yako, kisha uihamishe. Ikikaa vizuri kwenye kitabu cha jirani, ifute.

---

MsafiriMokowe

Samahani kuingilia, kuna anayejua boti ya mwisho ya kutoka Mokowe leo? Basi letu limechelewa.

---

NahodhaMstaafu

@MsafiriMokowe boti hazikosekani ukiwa na abiria wenzio, mtachangia. Usikubali bei ya kwanza.

Sasa nirudi kwenye uzi. Mnazungumza kama kwamba maandishi ni hadithi na tendi tu. Sisi tunaokaa majini tulijifunza kusoma kwa makini kwa sababu nyingine. Mnakumbuka ule mradi wa kinu cha umeme wa makaa ya mawe kule Kwasasi, megawati 1,050. Kulikuwa na ripoti ya athari kwa mazingira, nene. Mtu wa kawaida akiishika anasema "imeandikwa na wataalamu" anairudisha mezani. Hiyo nayo ni "kitabu kizuri sana", tofauti ni kwamba imevaa tai.

Mwezi Juni 2019 jopo la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mradi ule, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyostahili. Angalieni kipimo. Hapo haikuulizwa kama Kiingereza cha ripoti ni kitamu. Swali lilikuwa kama mchakato wote, na karatasi zilizotokana nao, ulifanya kile ambacho sheria inataka ufanye.

Kwa maandishi ya aina ile mimi huuliza: nani anazungumza humu na nani hakuulizwa? Idadi imetoka wapi? Kuna jambo ninalolijua kwa macho yangu, kama mahali samaki wanapozalia, ambalo ripoti haina? Nikiona ripoti ya bahari isiyo na neno hata moja kutoka kwa mvuvi, naandika hivyo hivyo, sihitaji shahada: "Ripoti hii inaeleza kina cha maji lakini haielezi nani anavua hapo, kwa hivyo haiwezi kukadiria hasara."

---

KalamuNyekundu

Sentensi ya mwisho ya nahodha naichukua darasani Jumatatu. Kuna "inaeleza", kuna "lakini haielezi", kuna "kwa hivyo". Bandari, tanga na upepo.

---

BintiShela

Hamjambo. Mimi niko kwenye kikundi cha Jumamosi na nilikuwa katika wale watatu ambao hawakuandika "kizuri sana", lakini dada alinirudishia karatasi yangu na alama ya kuuliza kubwa pembeni. Naiweka hapa mniambie kosa ni nini.

Niliandika kuhusu Utendi wa Mwana Kupona: "Utendi huu umepitwa na wakati kwa sababu unamfundisha mwanamke kumtii mumewe katika kila jambo."

Nimetoa hukumu. Nimetoa sababu. Nini tena?

---

MzeeMkomani

Mwanangu, yule ni mama yetu. Tendi ile wasichana wa Amu, yaani Lamu, wamesomewa vizazi na vizazi. Umepitwa na wakati wewe na simu yako.

---

BintiShela

Ami, kwa heshima, simu yangu na yako ni moja 🙂 Na kama kumsoma mama ni kunyamaza, basi hatumsomi, tunambusu mkono tu.

---

Kila_Mtu_na_Lake

Naleta kahawa. Huu sasa ndio uzi.

---

MwanaDaka

Tulieni. Nitaeleza ile alama ya kuuliza, na Ami atanisahihisha nikikosea historia.

BintiShela, kosa lako si kuthubutu. Kipimo chako kimejificha. "Umepitwa na wakati" unapima kwa nini? Kwa maisha yako wewe, Shela, mwaka huu. Ni kipimo halali, lakini kitaje. Ukikitaja, msomaji anajua umesimama wapi anapokubishia.

Kisha uliza swali la fundi: utendi huu ulipakia nini? Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga Pate mwaka 1858. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa amefariki mwaka 1856, baada ya miaka ya kupambana na utawala wa Zanzibar. Yeye mwenyewe ni mgonjwa. Mwanzoni tu anamwambia binti yake kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima, hajapata kumwambia neno jema, kisha anamwita akae karibu na wino na karatasi. Aliaga dunia miaka michache tu baadaye. Kwa hivyo chombo hiki kilijengwa na mama anayejua anaondoka, kumvusha binti mmoja, Mwana Hashima, katika dunia ambamo mlango wa usalama wake unapitia kwa mume. Ukikipima kwa kazi hiyo, kinavuja au hakivuji? Hilo karatasi yako haikujibu.

Na la tatu, ushahidi wako ni wa kusikia. "Kila jambo", wapi? Rudi usome. Utakuta kweli utiifu mzito, hilo hakuna wa kulificha, hadi radhi ya mume siku ya Kiyama. Lakini utakuta pia mahali anapomwambia binti amtunze mume kama mtoto mdogo asiyejua kusema. Simama hapo! Anayetunzwa kama mtoto asiyejua kusema, ni bwana au ni mlelewa? Wako wasomaji wanaoona hapo hekima ya mwanamke kumwongoza mume bila yeye kujua. Wako wanaoona ni utumishi tu uliotiwa sukari. Mimi sikwambii uchague upi. Nasema ukiuruka mstari huo, tathmini yako haijafika kwenye ubao wenyewe, umeipiga rangi mashua kutoka nchi kavu.

---

MzeeMkomani

Historia iko sawa.

Na nikubali kwamba nilikuwa mkali. Kubishana kwa maneno si jambo geni kwetu. Wakati wa Vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, Amu na Mvita, yaani Mombasa, walirushiana mashairi kabla na baada ya kurushiana risasi. Bwana Zahidi Mngumi huku, Muyaka bin Haji kule. Ukimjibu mtu kwa shairi ni lazima uwe umelisoma lake neno kwa neno, la sivyo jibu lako halishiki. Malenga aliyejibu ovyo alichekwa na watu wake mwenyewe, si na adui.

Ila neno "umepitwa na wakati" bado silipendi. Maziwa ndiyo yanayopitwa na wakati.

---

BintiShela

Nimerudi kusoma usiku wote, mama amenigombeza kwa taa. Ninajaribu tena:

"Kama wasia wa mama anayeaga, utendi huu unafanikiwa: sauti yake ni ya karibu, kwa sababu unaanza kwa ugonjwa wake na kumwita binti aje na wino, si kwa amri. Japo sehemu ya ndoa inadai utiifu ambao mimi, msomaji wa leo, siukubali, picha ya mume anayetunzwa kama mtoto asiyejua kusema inautia utiifu huo mashaka, na mashaka hayo ndiyo yaliyonifanya niendelee kuusoma."

---

TuiZito

Tui halijakatika hapo.

---

KalamuNyekundu

Vizuri mno. Ningekuwa na kalamu yangu ningeuliza jambo moja: "si kwa amri". Lakini "njoo ukae" si amri? Ni amri laini, lakini ni amri. Badilisha useme "si kwa kukaripia" na hakuna atakayekugusa.

Na angalieni lile "japo". Wanafunzi wangu wengi wana sifa tupu au lawama tupu. Neno "japo" linamlazimisha mtu kushika mizani kwa mikono miwili. Wasilitie kila sentensi, lakini, maana nishapata insha yenye "japo" tisa, nilihisi niko kwenye bembea.

---

BintiShela

@KalamuNyekundu nimebadilisha. Asante maalim.

---

MwanaDaka

Maneno mengine yanayosaidia, kwa wanaoniuliza faraghani. Badala ya "nzuri", semeni maandishi yamefanya nini: yanashawishi, yanadokeza, yanachosha, yanapwaya, yameharakishwa, yanajirudia. Mtoto mmoja aliniandikia "mwisho ni mbaya". Nikamuuliza mbaya vipi, akaniambia kwa mdomo, bila kufikiri mara mbili: "Kurasa 12 wanagombana, halafu aya moja gari linamgonga mmoja, basi. Hata barabara haikuwepo kwenye hadithi!" Nikamwambia iandike hivyo hivyo. Akashangaa. Alidhani kuna Kiswahili cha mdomoni na kingine cha tathmini, na kwamba kile cha pili lazima kiwe kikavu.

---

MsafiriMokowe

Nimevuka. Shukran nahodha. Nilikataa bei ya kwanza, na ya pili pia.

---

Daftari_la_Nne

Haya, zamu yangu, msinicheke. Ile hadithi fupi dada aliyotugawia nakala, ya mzee muuza kahawa anayekataa kumuuzia mgeni nyumba yake. Karatasi yangu ya kwanza ilisema: "Hadithi hii ni nzuri sana na ina mafunzo mengi kwa jamii kwa sababu inatufundisha tusiuze nyumba zetu."

Nimeifanyia mtihani wa kuihamisha. Ilihama hadi kwenye tangazo la ardhi ukutani mwa duka letu. Nikaifuta.

Ya pili: "Mwandishi anatushawishi kwamba mzee hawezi kuuza, kwa sababu hamfanyi hata mara moja aseme anaipenda nyumba yake. Badala yake anatuonyesha mkono wake ukigusa boriti ya mlango kila anapoingia, mara nne, na mara ya nne ni baada ya kuhesabiwa pesa. Lakini mnunuzi amechorwa kama katuni: hana jina, hana sababu ya kuitaka nyumba, anacheka kila anapofungua mdomo. Kwa kuwa hatumwogopi, mzee anashinda mapema mno, na kurasa mbili za mwisho zinasubiri tu kuisha."

---

NahodhaMstaafu

Mashallah. Huyu ndiye aliyekuwa katika wale 11?

---

MwanaDaka

Ndiye. Sina la kuongeza kwenye hukumu yako, mwanangu. Ile "mara nne" umehesabu kweli?

---

Daftari_la_Nne

Nimehesabu. Kurasa za 1, 3, 4 na 6. Nina alama za penseli.

---

MzeeMkomani

Kazi nzuri, nimeisoma mara mbili. Kuna kosa dogo la lugha. Mlango hauna boriti. Mlango una miimo, ile ya kusimama kushoto na kulia, na una kizingiti. Boriti ziko juu darini, huwezi kuzigusa ukiingia ila uwe Fumo Liyongo. Sema "mwimo wa mlango".

---

Daftari_la_Nne

Ami, mimi nimenakili tu. Mwandishi mwenyewe ndiye aliyeandika "boriti ya mlango". Zote nne.

---

MzeeMkomani

Zote nne?

Basi kalamu ishike tena. Liandike na hilo.